Miradi ya Watumishi: Kazi ya Pili Dar es Salaam, 1967–1995

Mtumishi wa umma aliyeajiriwa Tanzania miaka ya 1960 alitarajia kupanda cheo hadi cheo, astaafu, kisha apokee kiinua mgongo na pensheni. Azimio la Arusha, lililotangazwa Februari 1967, lilimzuia asichepuke. Miiko ya uongozi ilimkataza kiongozi kupokea mishahara miwili, kupangisha nyumba, kumiliki hisa katika kampuni au kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari. Kiongozi huyo hakuwa waziri au mbunge peke yake. Watumishi wa vyeo vya kati nao walihesabiwa, na mke au mume wa kiongozi aliingizwa katika miiko hiyohiyo. Mwaka 1977 sheria nyingine ilipiga marufuku hospitali binafsi za kibiashara. Daktari aliyechoshwa na kazi ya serikali akabaki na mawili, avumilie au ahame nchi.

Masharti haya yalivumilika mradi mshahara ulitosha. Ukame wa 1973–74, kupanda kwa bei ya mafuta, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 na vita dhidi ya Idi Amin wa Uganda vilifuatana bila nafasi ya kupumua. Kufikia katikati ya miaka ya 1980, mshahara wa mwezi wa mfanyakazi wa kawaida mjini ulilisha familia siku chache tu, hata pale unga, sukari na sabuni vilipopatikana bila foleni.

Hapo ndipo miradi ilipoenea. Uani mwa nyumba za serikali, zikiwamo zile kubwa za Oysterbay, yalijengwa mabanda ya kuku, na ng'ombe wa maziwa wakafugwa palipokuwa bustani za maua. Mwalimu alifundisha tuisheni jioni. Karani alishona nguo au alikaanga maandazi alfajiri kabla ya kwenda kazini. Fundi wa kiwandani alipokea kazi za watu binafsi baada ya zamu. Mtaji mara nyingi ulitoka kwenye upatu, kwa kuwa benki hazikuwa na mkopo wa banda la kuku.

Wengi wao hawakuacha kazi, na sababu zao zilikuwa za msingi. Nyumba yenye ua ilitokana na cheo. Ofisi ilikuwa na simu, watu wa kufahamiana nao, na wenzao wa kununua trei za mayai. Mradi wenyewe ulikuwa dhaifu: ugonjwa mmoja wa kuku ungefuta faida ya miezi. Ilikuwa busara kuingia kazi mpya mguu mmoja, ingawa gharama yake ililipwa na umma, maana saa za ofisi nazo zililiwa na mradi. Wanawake ndio walioonekana kuthubutu zaidi. Aili Mari Tripp, mtafiti aliyefanya kazi Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1997, aliwaona wanawake waliopiga hesabu ya mapato ya mradi na ya mshahara, kisha wakaandika barua ya kuacha kazi.

Serikali ilivuta huku na huku. Mwaka 1983 uliletwa msako wa wahujumu uchumi pamoja na Sheria ya Nguvu Kazi, iliyowaandama watu wa mjini wasio na kazi inayotambulika. Mwaka huohuo mabasi madogo ya watu binafsi, yale yaliyokuja kuitwa daladala, yaliruhusiwa kubeba abiria jijini kwa sababu UDA, shirika la umma la usafiri jijini, lilikuwa limelemewa. Mwaka 1984 masharti ya kuagiza bidhaa yalilegezwa, na Ali Hassan Mwinyi, aliyeingia Ikulu mwaka 1985, akapata jina la Mzee Ruksa.

Februari 1991, Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar na kulegeza miiko ya Arusha: mishahara zaidi ya mmoja, hisa na nyumba za kupangisha sasa ziliruhusiwa. Wapo walioona huo ni usaliti wa ujamaa. Lakini kwa mtumishi wa cheo cha kati, uamuzi huo ulihalalisha kilichokuwa uani kwake miaka mingi. Mwaka huohuo madaktari waliruhusiwa tena kufungua hospitali za binafsi.

Muda mfupi baadaye serikali ilianza kupunguza wafanyakazi, na mashirika ya umma yakabinafsishwa. Aliyekuwa na mradi alipopunguzwa, alikuwa na wateja na uzoefu tayari. Aliyesubiri kiinua mgongo ndipo aanze, alijifunza biashara kwa fedha ya uzeeni, katika soko lililokwisha kujaa wenzake. Kwa waliobaki madarakani, Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 haikurudisha katazo la kipato cha pili; iliwataka viongozi watangaze mali na madeni yao.