Walaji na Walimaji katika Vijiji vya Rika vya Kyela

Wanyakyusa wa Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, walikaa kwa rika. Mvulana wa miaka 10 hivi aliondoka kwa baba yake, akajenga kibanda pamoja na wenzake pembezoni mwa kijiji cha wakubwa. Kulala walilala kibandani. Kula waliendelea kula kwa mama zao. Kundi zima lilimiminika nyumba ya mama mmoja, likamaliza ndizi na maharage, kisha likaenda kwa mwingine. Aliyejipenyeza kwa mamaye peke yake alikemewa. Ukarimu wa namna hiyo ungewalea wadoezi wengi, lakini gharama yake ilijulikana: jembe. Vijana walilima mashamba ya baba zao, na baba ndiye aliyetoa ng'ombe wa mahari. Mvivu alijichelewesha mwenyewe kuoa.

Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson, walioishi Unyakyusa miaka ya 1930, waliona watu wazima nao wakibanwa. Aliyechinja ng'ombe akawanyima jirani aliogopa manung'uniko yao, yaliyoaminika kumletea baridi mwilini na maradhi. Hofu hiyo, kwa kweli, ilimkaba mchoyo kuliko mdoezi.

Machimbo ya dhahabu ya Lupa, wilayani Chunya, yalilegeza mkataba huo wa jembe na mahari. Kijana mwenye mshahara aliweza kujitafutia ng'ombe bila kushika jembe la baba. Kahawa milimani na mpunga bondeni vikaongeza thamani ya ardhi, na vijiji vya rika vikafifia taratibu.