Bustani ya Wauza Marhamu: Tarikhi ya Haw Par Villa mjini Singapore

Upande wa magharibi wa jiji la Singapore, katika kilima cha Pasir Panjang kinachoelekea baharini, ipo bustani ambayo kwa zaidi ya miaka 80 wazazi wamewashika watoto wao mkono na kuwapeleka kuona mambo ambayo bustani nyingi za starehe ulimwenguni huona heri kuyaficha: hesabu ya amali baada ya mauti, adhabu ya mwana aliyewaasi wazazi, na ujira wa aliyewatii. Jina lake leo ni Haw Par Villa, na wazee wa mji ule wangali wakiiita kwa jina la marhamu iliyotoa fedha za kuijenga, yaani Tiger Balm Gardens. Kabla hakijajengwa kisiwani Sentosa hata kimoja katika vile viwanja vya michezo ambavyo leo huwavuta wageni kutoka kila pembe ya dunia, hapa ndipo ahali za Singapore zilipokuwa zikimiminika siku za Mwaka Mpya wa Kichina, nguo mpya mwilini na chakula mkononi, bila kudaiwa hata senti moja mlangoni.

Asili ya bustani hiyo ni duka la dawa. Katika miaka ya 1870 tabibu mmoja wa jamii ya Wahakka, Aw Chu Kin, aliyekuwa amehama kutoka Yongding katika jimbo la Fujian nchini China, alifungua mjini Rangoon, nchi ya Burma, duka la dawa za mitishamba alilolipa jina la Eng Aun Tong. Alipofariki mwaka 1908 duka likaangukia mikononi mwa wanawe: Aw Boon Haw, aliyezaliwa mwaka 1882, na Aw Boon Par, aliyezaliwa mwaka 1888. Mkubwa alikuwa amepelekwa China kupata elimu ya Kichina, mdogo akasomeshwa Kiingereza papo hapo Rangoon. Na kwa tofauti hiyo ya malezi biashara yao ilipata mtu wa kukaa na mtu wa kutembea. Walitengeneza marhamu ya kafuri, mentoli, mafuta ya kayaputi na mafuta ya karafuu, wakaitia katika vichupa vya pembe sita vyenye picha ya chui milia, mnyama aliyemo katika jina la Boon Haw mwenyewe. Msomaji wa Unguja na Pemba, ambaye amekua katika harufu ya karafuu zilizoanikwa juani, hatahitaji kuelezwa kwa nini dawa hiyo ilipendwa na wachukuzi, wavuvi na vibarua wa bandari zote za mashariki, watu ambao kutwa nzima hubeba mizigo na usiku hutafuta cha kuchua maungo.

Mwaka 1926 ndugu hao walikuwa wamekwisha kuhamishia makao ya biashara yao Singapore. Boon Haw alikuwa na kipawa cha kutangaza ambacho wafanyabiashara wa zama zile wachache walikuwa nacho: alitembea katika gari lililofanyizwa mfano wa chui milia, kichwa cha mnyama mbele na honi ikinguruma barabarani, na mwaka 1929 akaasisi gazeti la Kichina, Sin Chew Jit Poh, ambalo pamoja na habari za ulimwengu lilibeba pia sifa za marhamu yake. Lakini itakuwa dhuluma kumhukumu mtu huyu kwa kelele zake peke yake. Alitoa mali nyingi kwa shule na hospitali, na alikuwa na itikadi kwamba utajiri uliotoka kwa umma haukosi kurudi kwa umma. Bustani ya Pasir Panjang ni tunda la itikadi hiyo, ingawa ilianza kwa haja nyingine: mapenzi ya kaka kwa mdogo wake.

Kwa ajili ya Boon Par alijenga kilimani, kwa ramani ya msanifu majengo Ho Kwong Yew, kasri jeupe lenye makuba lililokamilika mwaka 1937. Viunga vya kasri hilo havikufungwa kwa umma. Mafundi walikunja nyavu za waya zikapata umbo, wakazisiliba saruji, wakazipaka rangi kali zisizoona haya, na taratibu kilima chote kikajaa visa ambavyo Wachina wa Singapore, wengi wao wahajiri wasiojua kusoma, walivisikia kwa wazee wao tu: safari ya mtawa na nyani wake kuelekea magharibi kutafuta vitabu vitakatifu, kisa cha nyoka mweupe aliyekuwa mwanamke, Watu Wanane Wasiokufa wakivuka bahari. Mwanamke mmoja wa saruji anamnyonyesha mama mkwe wake, bibi kizee asiye na meno, ili asife njaa. Wageni wa Ulaya walioandika juu ya bustani hii wengi waliiona sanamu hiyo kuwa kichekesho au karaha. Mimi naona kwamba aliyelelewa katika nyumba ambamo radhi ya mzazi ni jambo la kutetemekewa ataielewa mara moja bila ya mkalimani.

Sehemu iliyozipa usiku mgumu nafsi changa za vizazi vingi ni Mabaraza Kumi ya Jahanamu. Kila baraza lina hakimu wake na kila kosa lina adhabu yake, zikionyeshwa kwa sanamu ndogo ndogo zilizopangwa kwa tartibu ya kitabu cha sheria. Katika baraza la kwanza roho hupimwa kwa matendo yake, na waliotangulia kwa wema huvushwa darajani, huku waovu wakisimamishwa mbele ya kioo kinachofichua waliyoyatenda. Mkwepa kodi na mlaghai wa biashara hupondwa kwa nyundo ya jiwe. Aliyeharibu vitabu au kupoteza chakula hukatwa kwa msumeno vipande viwili. Aliyeibia katika mtihani wa shule hutolewa matumbo, na katika baraza hilo hilo, la nane, yumo mtoto aliyewatia wazazi wake mashakani. Mwisho kabisa, katika baraza la kumi, ajuza aitwaye Meng Po humpa kila roho kikombe cha kinywaji cha kusahau, kisha gurudumu likaizungusha kurudi duniani katika umbo jipya. Imani hizo ni za Wabudha na Watao, wala si za mwandishi huyu, lakini ni dhahiri kwamba aliyezitengeneza hakukusudia kumchekesha mtoto; alikusudia mtoto aulize swali, na mzazi alazimike kulijibu papo hapo.

Furaha ya kasri haikudumu. Mwaka 1942 Wajapani waliteka Singapore, na Ho Kwong Yew aliuawa mwaka huo huo mikononi mwao. Kilima, kwa kuwa kinatazama bahari, kiliwafaa askari kwa kuangalia merikebu. Boon Par alikimbilia Rangoon na akafia huko mwaka 1944, asiione tena nyumba aliyojengewa. Boon Haw, aliyekuwa Hong Kong wakati wa vita, alirudi akakuta kasri limeharibika, akaamuru libomolewe lote; wala hakujenga jingine mahali pake. Badala yake aliendelea kuongeza sanamu hadi alipofariki Honolulu mwaka 1954, akiwa safarini kutoka Marekani alikokwenda kutibiwa. Mpwa wake wa kiume, Aw Cheng Chye, aliongeza pembe za nchi za kigeni, wakiwamo wanamieleka wa Kijapani na nakala ya Sanamu ya Uhuru ya New York, mpaka naye alipofariki mwaka 1971.

Yaliyofuata ni sura ninayoiandika kwa majonzi. Mwaka 1985 serikali iliitwaa ardhi, na mwaka 1990 bustani ikafunguliwa upya kwa jina la Dragon World, ikiwa na mashua za kuteleza majini, maonyesho ya sinema, joka kubwa ambalo ndani yake watu walipitishwa kwa mashua kuzitazama zile adhabu, na mlango wa kulipia. Watu walijaa mwanzoni, kisha wakapungua mwaka baada ya mwaka, na hasara ikawa ya mamilioni, hata ilipofika mwaka 2001 kampuni iliyokuwa ikiiendesha ilikuwa imeachana nayo na joka limeondolewa. Mbabaishaji atasema kwamba michezo haikuwa ya kutosha. Kwa maoni yangu sababu ilikuwa karibu zaidi: kile kilichokuwa mithili ya wakfu, kama kisima ambacho kila mpita njia hunywa na kumwombea dua aliyekichimba, kiligeuzwa bidhaa, na familia iliyozoea kuja mara nyingi kwa miguu, babu na wajukuu, ilipotakiwa kununua tiketi kwa kila kichwa, ilikaa nyumbani.

Ndugu wa bustani hii hakupata hata bahati ya kubaki. Ile ya Hong Kong, iliyojengwa katika miaka ya 1930, ilivunjwa mwaka 2004 kupisha majengo ya ghorofa, likabakizwa kasri lake peke yake. Ya Singapore imesalimika ikiwa na sanamu zaidi ya 1000, zinazopakwa rangi tena na tena kwa sababu jua na mvua za ikweta hazina huruma na saruji. Mwaka 2021 ilifunguliwa tena baada ya matengenezo, na mwezi wa Oktoba mwaka huo Mabaraza Kumi yakawekwa ndani ya jumba la makumbusho linaloeleza namna dini na mataifa mbalimbali yanavyokitazama kifo.

Basi msomaji atakayejaaliwa kupita Singapore akiwa na wanawe, awapeleke Sentosa wakafurahi, lakini asubuhi moja, kabla jua halijawa kali, awapandishe gari moshi la chini ya ardhi hadi stesheni iliyobeba jina la Haw Par Villa tangu mwaka 2011. Stesheni iko mlangoni hasa. Bustani ni bure kama alivyotaka Boon Haw mwenyewe, na malipo hutozwa katika jumba la Jahanamu tu.