Kitoto cha Kangaruu Hupanda Chenyewe

Mwezi Juni 1629 meli ya Waholanzi iitwayo Batavia ilivunjikia kwenye miamba ya Houtman Abrolhos, visiwa vilivyo magharibi mwa Australia. Kiongozi wa safari, Francisco Pelsaert, alikuwa na misiba tele ya kuandika: alipokwenda kutafuta msaada, nyuma yake waasi waliua watu zaidi ya 100. Hata hivyo kumbukumbu zake zina maelezo ya mnyama wa visiwa vile, kangaruu mdogo aitwaye tama. Jike alikuwa na mfuko tumboni, na ndani yake palikuwa na kitoto cha ukubwa wa harage, kimeshika chuchu. Pelsaert akaandika kwamba watoto wa mnyama huyu huota kwenye chuchu.

Mimi ni mkunga, na sehemu kubwa ya kazi yangu nimeifanya katika wodi ya watoto njiti. Kosa la Pelsaert naona lina sababu. Kitoto kikishadaka chuchu, ncha yake huvimba kinywani, hata hakibanduki kwa urahisi. Ukikiona hivyo, na hujawahi kumwona mama akijifungua, utaapa kwamba kimeota pale.

Amerika nako walikuwa na oposamu, mnyama mwingine wa mfuko. Kwa kuwa dume ana uume wa ncha mbili, ilienea hadithi kwamba humpanda jike puani, kisha jike huwatoa watoto kwa chafya hadi mfukoni. Mwaka 1698 daktari Edward Tyson wa London alichapisha uchunguzi wa oposamu jike aliyempasua: mji wa mimba uko ndani ya mwili, na mfuko ni kitu kingine kabisa. Likabaki swali ambalo mkunga yeyote angeliuliza: mtoto anatokaje huku chini hadi akafika kule juu, na nani anampokea?

Mwaka 1830 Alexander Collie, daktari wa meli ya Kiingereza iliyokuwa Australia Magharibi, alieleza kwa barua kwamba kitoto hutambaa chenyewe. Lakini aliyesikilizwa ni Richard Owen, bingwa wa anatomia wa London, aliyeamini kwamba mama hukibeba kwa midomo. Mwanzoni mwa karne ya 20 mtu aitwaye Goerling aliandika katika gazeti la Western Mail la Perth kwamba ameona kitoto kikipanda bila msaada wa mama. Wataalamu wakubwa hawakushtuka. Ilibidi Carl Hartman, wa Chuo Kikuu cha Texas, awakeshee oposamu wake na kuchapisha mwaka 1920 aliyoyaona kwa macho yake, ndipo ubishi ukaanza kupungua. Sehemu hii huniuma. Waliokaa karibu na mzazi walisema kweli mapema, wakapuuzwa kwa kuwa hawakuwa na majina makubwa.

Kweli yenyewe ni hii. Kangaruu mwekundu hubeba mimba siku 33 tu. Uzazi ukikaribia, mama hulamba na kusafisha mfuko, kisha huketi kwa kuegemea mgongo, mkia ameupitisha mbele katikati ya miguu. Kitoto kinachotoka hakifiki gramu moja. Macho yamefumba, miguu ya nyuma bado ni vinundu. Ila mikono ya mbele ina nguvu na kucha. Kwa mikono hiyo hushika manyoya ya mama, kulia, kushoto, kulia, na baada ya dakika chache kimeingia mfukoni. Mama hulamba maji ya uzazi, hakishiki wala hakielekezi. Kikishapata chuchu, kitaishi mfukoni miezi kama minane.

Kuna jambo lingine linalonishangaza zaidi. Mtoto aliyetangulia, aliyekwisha kutoka mfukoni, bado hurudi, huingiza kichwa na kunyonya chuchu yake ileile, iliyorefuka. Mama mmoja, wakati mmoja, hutoa kwenye chuchu hiyo maziwa mazito yenye mafuta, na kwenye chuchu ya jirani maziwa mepesi ya kichanga.

Jina la mnyama huyu limefika hata wodini kwetu. Mwaka 1978, huko Bogotá, Colombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na watoto njiti wengi, mashine za joto chache na maambukizi yasiyoisha. Aliwaambia akina mama wawafunge watoto kifuani, ngozi kwa ngozi. Njia hiyo ikapewa jina la kangaruu. Utafiti uliotangazwa mwaka 2021 kutoka hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania ulionyesha kwamba kuanza mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri mtoto atulie, kunapunguza vifo vya watoto hao kwa robo. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto njiti abebwe hivyo saa 8 hadi 24 kwa siku.

Saa hizo nyingi mama hawezi kuzimudu peke yake. Kwa hiyo shangazi, bibi, mawifi, mkimkuta mzazi amemfunga njiti kifuani kwa kitenge, msimwambie amweke kitandani apumzike. Mpikieni, mfulieni, mchoteeni maji. Na wewe baba mtoto, vua shati, umpokee mwanao kifuani mama naye akaoge. Joto lako linamfaa vilevile.