Ibn Zuhr na Mgonjwa Asiyeweza Kumeza

Tukitajiwa Andalusia fikra zetu hukimbilia misikiti na mabustani. Hebu leo tuingie chumba cha mgonjwa. Ibn Zuhr wa Seville, aliyefariki mwaka 1162, alieleza katika kitabu chake Al-Taysir uvimbe unaoziba umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Tiba ya kuuondoa hakuwa nayo. Lakini hakumwacha mtu afe njaa: alishauri apitishiwe mrija wa madini ya fedha kooni, alishwe vitu vya majimaji kama maziwa. Ile mirija ya puani tunayoiona wodini, wazo lake ni hilo hilo.

Kabla yake Al-Zahrawi wa Cordoba alikuwa ameshaandika: saratani ikiwa changa na yaweza kutolewa yote, ikate, ikishakuwa kubwa, usiiguse. Akakiri kwamba iliyokomaa hajapata kuiponya hata moja. Daktari mkweli huyo!

Kupasua kulingoja dawa ya usingizi, 1846. Mwaka 1881 Theodor Billroth, mjini Vienna, alikata sehemu ya tumbo yenye saratani, akaliunga tena na utumbo. Yule mama aliishi miezi michache tu. Umio wa ndani ya kifua ulimshinda kila mtu hadi 1913, Franz Torek alipoutoa huko New York. Mgonjwa wake aliishi miaka kama 12, akila kupitia mpira wa nje uliotoka shingoni hadi tumboni.

Hapa Kenya saratani hii ni kati ya zinazoua wengi, na wengi hufika hospitali hata uji haupiti. Kwa hivyo babu akianza kusukuma kila tonge la futari kwa maji, usiseme ni uzee. Mpeleke akapimwe kwa kamera ya kooni, na msingoje Idi.