Mpishi Aliyezuiwa Mlangoni Kwao
Nikihangaikia cheti cha kuzaliwa, karani kaniuliza, “Kwenu hasa wapi?” Nikamkumbuka Wong Kim Ark, mpishi aliyezaliwa San Francisco mwaka 1873, wazazi wake Wachina. Mwaka 1895 alirudi kutoka matembezini China. Ofisa wa forodha akamkatalia kushuka, eti si raia! Tayari sheria ya 1882 ilishawafungia mlango vibarua wa Kichina. Akashikiliwa melini miezi kadhaa, mji wake akiuona kwa macho tu. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, na mwaka 1898 majaji 6 kwa 2 wakaamua: kazaliwa hapa, ni raia. Kisha moto wa 1906 ukateketeza kumbukumbu za vizazi. Wachina wengi wakadai wamezaliwa palepale. Nani angebisha na majivu? Mimi cheti bado nakifuata.