Bwaki na magonjwa sugu (Kivu ya Kusini)

Bwaki ni jina la utapiamlo mkali wa watoto huko Bukavu, mashariki mwa Kongo, na katika vijiji vya Bushi, eneo la Washi. Miguu huvimba, nywele hugeuka rangi ya kutu na ngozi hubambuka. Huwapata zaidi watoto walioachishwa ziwa wakabaki na ugali wa muhogo, bila maharage, sambaza (samaki wadogo wa ziwani) wala maziwa ya kutosha. Kwa muda mrefu mtoto alihesabiwa amepona uvimbe ukiisha na uzito ukirudi. Utafiti wa Lwiro, kaskazini mwa Bukavu, unaonyesha kwamba hesabu hiyo ilifungwa mapema mno, na kwamba kinga dhidi ya magonjwa sugu ya mtu mzima huanzia katika sahani ya mtoto.

Hospitali ya watoto ya Lwiro ilihifadhi majalada ya wagonjwa wake. Kwa majalada hayo, watafiti waliwatafuta watu waliotibiwa utapiamlo mkali kati ya 1988 na 2007. Walipatikana 524, umri wao wa kati ukiwa miaka 22, wakalinganishwa na wenzao 407 wa jamii hiyohiyo ambao hawakuugua. Waliougua utotoni walikuwa na kiuno kinene zaidi na nyonga nyembamba zaidi, yaani mafuta yalijikusanya tumboni. Kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari katika damu kwa miezi miwili au mitatu kilikuwa juu kuliko cha wenzao.

Wapo watakaosema kwamba umaskini ndio uliozaa utapiamlo na mabadiliko hayo ya mwili. Pingamizi hilo lina uzito, kwa kuwa waliougua walibaki na hali duni ya maisha. Lakini umaskini peke yake hauelezi vizuri kwa nini mafuta yahamie tumboni kati ya watu wa vijiji vilevile. Wengine watataja kwamba shinikizo la damu na kisukari chenyewe havikutofautiana kati ya makundi hayo mawili. Ni kweli, ila hao walikuwa vijana. Nchini Nigeria, waliozaliwa wakati wa njaa ya vita vya Biafra (1967–1970) walipopimwa wakikaribia miaka 40, shinikizo la damu na sukari vilikuwa juu kuliko kwa waliozaliwa baada ya vita.

Basi ushauri wa kawaida wa kupunguza chumvi na mafuta na kuushughulisha mwili ni sahihi, lakini haujitoshelezi. Aliyewahi kuugua bwaki anastahili kupimwa kiuno na sukari mapema, na lishe ya mjamzito na mtoto mchanga ihesabiwe kuwa sehemu ya vita dhidi ya kisukari.