Sauti Inayotenganika: Historia ya Usanifu wa Sauti katika Filamu za Katuni za Kiswahili, Ikitazamwa kutoka Tunduma na Mkoa wa Songwe

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya usanifu wa sauti katika filamu za katuni zilizowafikia watazamaji wa Kiswahili wa Tanzania Bara. Tunduma na Mkoa wa Songwe vimetumiwa kama mahali pa kusimama na kuitazama historia hiyo. Hoja kuu ni kwamba, tangu santuri za miaka ya 1930 hadi katuni za elimu za leo, sauti imekuwa ikisafiri mbali na picha. Utengano huo, ambao mara nyingi huhesabiwa kuwa upungufu wa kiufundi, ndio uliowapa wasanii wa Kiswahili nafasi ya kuimiliki filamu. Inahitimishwa kwamba nafasi hiyo iko wazi hata kwa mkoa wa mpakani usio na studio kubwa, na kwamba mlango wake ni tanakali za sauti na sauti za mazingira.

1.0 Utangulizi

Tunduma ni mji unaosikika kabla ya kuonekana. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam huishia hapo kwa upande wa Tanzania, na malori yaendayo Zambia na Kongo hupanga foleni kusubiri kuvuka kwenda Nakonde. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa urefu wa kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, nayo hupita hapo. Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na makao yake makuu yako Vwawa wilayani Mbozi. Katika mkoa huo Kiswahili huishi pamoja na Kinyiha, Kinyamwanga, Kindali, Kilambya na lugha nyingine, na Kinyamwanga huzungumzwa pande zote mbili za mpaka. Mtoto wa Tunduma hukua akijua kwamba sauti haizuiliwi na kizuizi cha barabarani.

Hali hiyo ndiyo iliyochochea swali la makala haya: katika filamu ya katuni, ambayo picha yake huchorwa mbali, sauti hutengenezwa na nani, na kwa masikio ya nani? Wahakiki wa fasihi na sanaa huanza kwa kawaida na kinachoonekana, yaani mchoro, rangi na mhusika. Makala haya yanaanza na kinachosikika.

Kwa istilahi ya usanifu wa sauti tunamaanisha kazi ya kuchagua, kurekodi, kupanga na kuchanganya sauti zote za filamu: maneno ya wahusika, muziki, vishindo vya vitendo, sauti za mazingira na ukimya. Katika filamu ya watu halisi, maikrofoni inaweza kunasa mlango unaofungwa au upepo unaovuma wakati kamera inaendelea na kazi yake. Katika katuni hakuna cha kunaswa. Mchoro ni bubu kabisa, na hata hatua moja ya mguu isiposanifiwa na mtu, haitasikika. Kwa sababu hiyo katuni ndiyo filamu inayouonyesha ufundi wa sauti waziwazi kuliko nyingine zote.

2.0 Msingi wa Kinadharia: Kukipa Sauti Kisicho na Sauti

Mtaalamu wa Ufaransa Michel Chion, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu sauti na picha, alieleza kwamba sauti huiongezea picha thamani ambayo mtazamaji hudhani ilikuwa ndani ya picha tangu mwanzo. Mfano wa awali unaojulikana sana ni katuni ya Walt Disney ya mwaka 1928, Steamboat Willie, ambamo michoro ilipangwa kwa kuhesabu mapigo ya muziki, na miili ya wanyama ikageuzwa kuwa ala. Watazamaji waliona kama panya yule mdogo ndiye aliyeutoa muziki, ilhali muziki ndio uliomtembeza.

Nadharia hiyo inafaa, lakini Kiswahili kina chombo chake chenyewe cha kulieleza jambo hilo, nacho ni tanakali za sauti. Kwa kawaida wanafunzi hufundishwa kwamba tanakali huiga sauti: jiwe hutumbukia majini chubwi, mzigo huanguka pu. Maelezo hayo ni ya kweli, ila ni nusu ya ukweli. Kiswahili husema pia kwamba nguo ni nyeupe pe, giza ni totoro, mtoto amelala fofofo, na nyumba iko kimya jii. Weupe hauna mlio, na ukimya ni kutokuwapo kwa mlio, hata hivyo lugha imevipa vyote viwili sauti inayoviona na kuvipima. Msanifu wa sauti wa katuni hufanya kazi hiyohiyo. Anapoweka mlio mwembamba pale mhusika anapopepesa macho, haigi sauti iliyopo duniani, kwa kuwa kope hazilii. Anasema pe.

Kwa mtazamo huu, msimulizi wa hadithi za jioni aliyebadili koo yake kuwa fisi, sungura na ngoma ya mbali alikuwa msanifu wa sauti aliyefanya kazi bila picha. Historia inayofuata inaonyesha jinsi ufundi huo ulivyokutana na mashine.

3.0 Santuri na Lori: Miaka ya 1935 hadi 1937

Filamu zenye sauti za lugha za Kiafrika zina mwanzo unaoihusu Tanganyika moja kwa moja. Mwaka 1932 ujumbe wa Baraza la Kimataifa la Wamisionari, ukiongozwa na J. Merle Davis, ulichunguza athari za migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini kwa jamii za vijijini. Vijana wa nyanda za juu kusini walikuwa miongoni mwa waliovuka mpaka kwenda kutafuta kazi katika migodi hiyo. Wazo la kutumia filamu kuelezea dunia mpya ya mishahara, kodi na miji lilizaliwa katika uchunguzi huo. Kwa maneno mengine, lilizaliwa upande wa pili wa mpaka wa Tunduma.

Matokeo yake yalikuwa mradi uliojulikana kama Bantu Educational Kinema Experiment, uliofadhiliwa na Shirika la Carnegie na kuendeshwa na L. A. Notcutt na G. C. Latham kutoka Vugiri, katika milima ya Usambara. Kati ya mwaka 1935 na 1937 mradi huo ulitengeneza filamu zipatazo 35, nazo zilizungushwa kwa lori Tanganyika, Rhodesia ya Kaskazini, Nyasaland, Kenya na Uganda. Filamu hizo hazikuwa katuni, lakini zinaingia katika historia hii kwa sababu ya namna sauti yake ilivyowekwa. Sauti haikuchapwa kwenye ukanda wa picha. Ilirekodiwa kwenye santuri, ikachezwa kando ya mashine ya kuonyeshea. Picha moja ingeweza kubadilishiwa santuri kulingana na lugha ya wasikilizaji.

Mbinu hiyo ilikuwa na udhaifu unaoeleweka. Ukanda ukikatika na kuunganishwa kwa kupoteza sehemu, picha hutangulia sauti, na maneno ya mtu mmoja huangukia kinywa cha mwingine. Pamoja na udhaifu huo, santuri iliweka kanuni iliyodumu: picha ni moja, masikio ni mengi. Kasoro kubwa ya mradi ilikuwa mahali pengine. Uamuzi wa nini kisemwe ulibaki kwa wageni, na Mwafrika aliitwa kutoa sauti lakini si kuisanifu.

4.0 Redio Kabla ya Picha

Zanzibar ilipata televisheni mwaka 1973. Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994, na televisheni ya taifa, TVT, ilifuata mwaka 2000. Maana yake ni kwamba vizazi kadhaa vya watoto wa Bara vililelewa na sauti peke yake. Katika Redio Tanzania Dar es Salaam kipindi cha Mama na Mwana, ambacho msimulizi wake mashuhuri alikuwa Debora Mwenda, kiliwafundisha wasikilizaji kuliona zimwi bila kuchorewa. Shule hiyo ya masikio haijapewa nafasi yake katika historia ya katuni za Tanzania, ingawa waliokuja kutengeneza na kutazama katuni hizo walikuwa watoto wa redio.

Daraja kati ya redio na katuni lilijengwa katika miaka ya 1990 na mfululizo wa Sara, ulioanzishwa na UNICEF kwa nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika. Hadithi za msichana huyo anayepigania kusoma zilitolewa kwa namna tatu: vitabu vya michoro, filamu za katuni na mchezo wa redio, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zake. Hapa tunaona kanuni ya santuri ikirudi katika sura mpya. Mhusika mmoja aliweza kusomwa bila kusikika, kusikika bila kuonekana, au vyote kwa pamoja. Kijiji kisicho na umeme kilipata nusu ya Sara, lakini ilikuwa nusu iliyojitosheleza.

5.0 Kibanda cha Video na Uhuru wa Mtafsiri

Televisheni na kanda za video zilipoenea, miji ya Tanzania ilijaa vibanda vya video, maarufu kama vibanda umiza. Humo ilistawi sanaa ya mtafsiri wa filamu, na jina lililovuma zaidi lilikuwa Lufufu, yaani Derek Mukandala, ambaye kazi yake imechambuliwa na mwanaanthropolojia wa Ujerumani Matthias Krings. Mtafsiri hupunguza sauti asilia ya filamu ya Kihindi, ya Kichina au ya Kimarekani, kisha huzungumza juu yake kwa Kiswahili, akiwa mhusika wa kike na wa kiume, mhalifu na polisi, na zaidi ya yote akiwa mfafanuzi anayemtania kila mmoja wao.

Wapo waonao kwamba kazi hiyo huiharibu filamu, na hoja yao ina uzito: muziki hufunikwa, na vishindo vilivyopangwa kwa uangalifu hupotea chini ya maneno. Lakini kwa upande wa historia, mtafsiri alitenda ambalo mradi wa Vugiri haukuthubutu kulitenda. Alichukua mamlaka ya kuamua nini kisemwe. Kwa mji kama Tunduma, ambao picha zake karibu zote hutoka nje, jambo hili si dogo. Kibanda kilithibitisha kwamba aliye na sauti anaweza kuimiliki picha asiyoichora.

Mfano wa kinyume unapatikana katika Tinga Tinga Tales, mfululizo uliotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa na CBeebies ya Uingereza mwaka 2010. Mtindo wa picha zake ulitokana na sanaa iliyoasisiwa na Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru. Lugha yake ya mwanzo ilikuwa Kiingereza, na miongoni mwa waliotoa sauti alikuwamo mwigizaji wa Uingereza Lenny Henry. Picha ilikuwa yetu, na maneno yalikuwa ya wenyeji wengine. Ulinganisho huu unaonyesha kwamba umiliki wa mchoro hauleti wenyewe umiliki wa filamu.

6.0 Katuni Inayoweza Kufumbiwa Macho

Mwaka 2013 taasisi ya Ubongo ilianzishwa Dar es Salaam, na Januari 2014 Ubongo Kids ilianza kurushwa na TBC1. Akili and Me, kwa watoto wadogo zaidi, ilifuata mwaka 2016. Mabadiliko ya msingi yalikuwa kwamba Kiswahili kilikuwamo tangu chanzo, badala ya kubandikwa baadaye. Katika katuni, sauti ya mwigizaji kwa kawaida hurekodiwa kabla ya mdomo kuchorwa. Kiswahili huishia irabu katika silabi nyingi na huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mdomo uliochorwa kwa kufuata mwendo huo hufunguka na kufunga tofauti na ule uliochorwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo lugha ya kwanza ya kurekodiwa huacha alama yake hata kwenye mchoro.

Jambo la pili linahusu redio. Kazi za Ubongo husambazwa pia kwa redio na simu, na nyimbo ndizo hubeba mafunzo. Mtunzi wa sauti analazimika kutengeneza kazi ambayo mtoto ataielewa akiwa amefumba macho: Kiduchu atambulike kwa sauti yake, na tendo la Ngedere lieleweke kwa kishindo chake. Sharti hilo, lililotokana na hali ya nyumba zetu, limeurudisha ufundi kwenye msingi wa msimulizi wa jioni. Umaskini wa vifaa umegeuka kuwa nidhamu ya sanaa.

Hata hivyo, hapa ndipo pengo linapojitokeza. Akili anaishi chini ya Mlima Kilimanjaro, nchi yake ya ndoto inaitwa Lala Land, na studio iko Dar es Salaam. Je, mtoto wa Songwe anasikia nini kinachotoka kwake? Jibu la haraka lingekuwa kumtafsiria katuni kwa Kinyiha au Kinyamwanga. Jibu hilo lina haki yake, lakini linakabiliwa na utaratibu wa utangazaji nchini, ambao umeegemea Kiswahili na Kiingereza, na pia na hoja nzito ya umoja wa lugha ya taifa. Makala haya yanapendekeza njia ambayo haijagombaniwa. Usanifu wa sauti una tabaka zaidi ya maneno. Breki za upepo za lori linalosimama kwenye foleni, honi ya treni ikiingia kituoni, mvua juu ya bati, mashine ya kumenyea kahawa katika msimu wa mavuno Mbozi, wito wa mchuuzi anayechanganya Kiswahili na Kibemba: hizi zote zinaweza kuingia katika katuni ya Kiswahili sanifu bila kubadili neno lake hata moja. Tanakali za lugha za Songwe nazo zinaweza kukusanywa na kutumiwa kama malighafi ya vishindo, kwa kuwa tanakali huvuka mpaka wa lugha kwa wepesi kuliko sentensi.

7.0 Hitimisho

Kuchora katuni ndefu kunahitaji kikosi cha wachoraji na mtaji mkubwa. Kurekodi sauti kunahitaji chumba kimya, maikrofoni na sikio lililofunzwa. Tofauti hiyo ya gharama ndiyo iliyoiwezesha santuri ya mwaka 1935 kubadilishwa, ikamwezesha mtafsiri wa kibandani kusema alichotaka, na ikaiwezesha katuni ya leo kuishi redioni. Historia ya sauti inayotenganika ni historia ya watu walioingia kwenye filamu kwa mlango ambao wenye picha hawakuufunga.

Utafiti unaopendekezwa kufuata ni wa ukusanyaji: kurekodi tanakali za Kinyiha, Kinyamwanga na Kindali kutoka kwa wasimulizi wazee wangali hai, pamoja na sauti za mazingira ya mkoa, na kuzihifadhi mahali ambapo msanifu yeyote ataweza kuzichukua. Kazi hiyo haisubiri studio kujengwa Tunduma. Inasubiri wasikilizaji, na muda wake hauongezeki, kwa sababu msimulizi akifariki, hadithi inaweza kubaki kwa wajukuu, lakini namna alivyolitumbukiza jiwe majini huondoka naye.